Bitana ya Jenerali

Hakuna mtu anayeamka asubuhi akaomba apewe shari, hata nusu yake. Lakini wahenga waliosema heri nusu shari kuliko shari kamili hawakuwa wakiisifu shari. Walijua kwamba ziko siku ambazo mtu hapewi nafasi ya kuchagua kati ya heri na shari. Huachiwa kuchagua kipimo tu. Anayekubali kibaba mapema huponea hapo. Anayekikimbia kibaba huletewa gunia zima hadi mlangoni. Fundi Théodore wa Rosettenville aliijua methali hiyo tangu utotoni, kama tunavyoijua sote, yaani kwa mdomo. Siku aliyoijua kwa moyo ilikuwa Ijumaa moja ya mwezi wa Novemba, na kisa chenyewe kilikuwa koti.

Théodore alikuwa mshonaji kutoka Lubumbashi. Alikuwa na duka jembamba huko Rosettenville, kusini mwa Johannesburg, si mbali na uwanja wa mbio za farasi wa Turffontein. Ndani mlikuwa na vyerehani viwili, kimoja chake na kingine cha mwenzake Pitchou. Nje kibarazani, mkewe Hélène aliuza pondu, yaani kisamvu cha kwao, mihogo na samaki wa chumvi. Miaka kumi na mmoja ilimchukua Théodore kulijenga jina lake katika mji huu usio na simile kwa mgeni. Sasa hata watu wa Braamfontein walifunga safari kuja kupimwa naye. Alikuwa bingwa kweli, na ubaya wa bingwa ni kwamba haulizi.

Fahari yake kubwa haikuwa nje ya koti bali ndani. Kwao, alipenda kusema, mtu maridadi hujulikana siku anapovua koti na kulitundika kwenye kiti, watu wakaiona bitana. Kwa hiyo kila koti lililopita mikononi mwake lilitoka na bitana mpya ya satini inayong'aa, iwe iliombwa au haikuombwa. Hakuna mteja aliyewahi kulalamika kwa kuongezewa uzuri.

Jumatano ya wiki hiyo alibisha hodi mzee wa Kizungu, mrefu, mkavu, mgongo umenyooka kama rula. Alishika fimbo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alimshika binti yake, aliyebeba koti.

"Hodi hapa, fundi. Habari za kazi?"

Théodore aliacha mkasi hewani. "Karibu, papa! Lakini hii Kiswahili uliipata wapi?"

"Sema kwa sauti, bwana. Masikio yangu niliyaacha kwenye mizinga."

Théodore akarudia kwa sauti ya kuuzia samaki. Mzee akatabasamu. "Nilikipata Nanyuki, kwa Sajini Mselem, mtu wa Lamu. Nikikosea ngeli, alininyima chai."

"Ya kwako ni safi kupita yetu!"

"Yenu ina ladha. Yangu ina sheria tu."

Huyo alikuwa Meja Jenerali mstaafu Denis Oxborrow, aliyelitumikia jeshi la mizinga la Uingereza kwa miaka thelathini na sita. Marehemu mkewe, Hester, alikuwa mzaliwa wa Turffontein, na walikuja kuzeekea alikozaliwa. Baada ya kumzika, mzee hakuona sababu ya kuirudia baridi ya kwao. Akabaki hapo na binti yao Rosalind. Mizinga ilikuwa imemla masikio, na uzee ulikuwa unamalizia macho. Jumapili iliyokuwa mbele ndiyo iliyokuwa siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani, naye alitaka kulivaa koti lake la sherehe kwa mara ya mwisho, mbele ya wajukuu. Tatizo ni kwamba mwili ulikuwa umekwisha na koti likabaki palepale.

"Lipunguze ubavuni na mabegani," alisema, akilitandaza mezani kwa mikono miwili. "Halafu basi. Usiongeze kitu, usiondoe kitu."

"Usiwe na wasiwasi, Papa Jenerali. Hata kifungo kimoja hakitapotea. Jumamosi utalipata."

Tazama jinsi mtu anavyosikia anachotaka kusikia. Mzee alisema kitu. Fundi akaelewa vifungo na medali.

Alhamisi Théodore alilifumua koti. Kitambaa cha nje kilikuwa sufu nzito ya buluu iliyoiva karibu na weusi, na alikipapasa kwa heshima. Ndani, loo! Bitana ilikuwa ya rangi ya maziwa yaliyochacha, imechanika kwapani, imetapakaa mistari ya uzi wa rangi ileile, uliopindapinda kutoka ukosi hadi pindo. Théodore alikuwa na miwani, lakini aliivaa tu asipokuwa na mtu wa kumwona. Bila miwani, mistari ile ilikuwa viraka, na viraka vingine kweli vilikuwamo.

"Pitchou, kuya uone," aliita. "Koti ya mfalme, bitana ya mgonjwa. Na hii bitana si ya hapa, mwangalie, iliondolewa kwa koti ingine! Mafundi ya Kizungu ni bavivu, bwana."

Pitchou alicheka. Ndiyo ajabu ya kosa hilo: Théodore aliiona alama yenyewe kwa macho yake. Bitana kuukuu ndani ya koti zima ni jambo lenye sababu, na mtu asiye bingwa angeuliza sababu. Yeye aliing'oa yote, akaikunja kama tambara, akaitupa katika pipa la taka. Kisha akalitia koti satini nyekundu kama divai, mishono midogo, kazi ya kujivunia. Hakuongeza hata senti katika bei. Ilikuwa zawadi yake kwa mzee.

Ijumaa ni siku ya taka. Hélène alilitoa pipa barabarani alfajiri. Saa mbili na robo, Théodore akiwa anapiga pasi ya mwisho, simu ikalia. Alikuwa Rosalind, mwenye Kiingereza cha upole na cha haraka.

Alisema kwamba baba yake alikuwa hajalala vizuri, hivyo alitaka tu kumtoa wasiwasi. Ndani ya koti mlikuwa na maandishi ya marehemu mama. Kila baba alipohamishwa au kupandishwa cheo, mama alidarizi mstari mmoja kwenye bitana, mahali na mwaka, kwa uzi wa rangi ya bitana ili asiuone mtu mwingine. Makoti matatu yalichakaa, na kila mara mama aliifumua bitana ileile akaihamishia koti jipya. Baba sasa hakuweza kuyasoma kwa macho. Aliyasoma kwa ncha za vidole. Jumapili alitaka kuwasomea wajukuu.

"Iko salama, sivyo?" aliuliza Rosalind.

"Iko, madamu. Iko salama kabisa," alijibu Théodore.

Uongo ulimtoka wenyewe, kama kwikwi. Alipoikata simu, pasi ilikuwa bado mkononi. Aliiweka kando, akatoka mbio hadi kwenye pipa. Kadibodi zilikuwa zimeondolewa, chupa zimeondolewa, mabaki ya jikoni yamebaki. Alitia mkono hadi begani. Bitana haikuwamo.

"Unatafuta nini humo, baba Héritière?" aliuliza Hélène kutoka kwenye mihogo yake.

"Kitambaa! Ile ya zamani, ya nyeupe-nyeupe!"

"Mwanaume wa toroli njo alichukua. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Mwenye kofia ya nyasi, ile ya Basotho. Alisema kitambaa ni laini kwa mikono."

Katika Johannesburg waokota taka wenye matoroli ni wengi. Huamka kabla ya jua, huyapekua mapipa kabla ya gari la manispaa, kisha huteremka barabarani na magunia yao makubwa mithili ya tembo anayetembea kwa magurudumu. Théodore alikimbia hadi kwenye roboti ya kona, kama waitavyo taa za barabarani huko. Aliona matoroli manne, kila moja limeshika njia yake. Hakuna kofia ya nyasi. Alirudi dukani ameloa jasho, akaketi juu ya robota la vitambaa, akawasimulia mkewe na Pitchou yote.

Pitchou alikuwa rafiki mwema, lakini wema wake haukuwa wa kwenda mbali. "Papa Théo, kwa nini unajisumbua? Mzee haoni. Uchukue kitambaa ya zamani, uweke mishono-mishono. Ama useme wezi baliingia. Hapa Joburg, nani atakataa hadithi ya wezi?"

Kwa muda Théodore aliipima hadithi ya wezi, kama apimavyo kitambaa. Ilimkaa vizuri. Alifikiria jina lake la miaka kumi na mmoja. Alifikiria Mzungu mwenye cheo cha jenerali akiwaambia watu kwamba mkimbizi mmoja wa Rosettenville ameitupa jalalani kumbukumbu ya mke wake. Nani angeleta koti tena? Na kama mtu angeita polisi?

"Mzee haoni kwa macho," alisema Hélène polepole. "Anasoma na vidole. Jumapili atatia mkono ndani ya koti, bajukuu bake banamwangalia, na vidole havitasoma kitu. Siku hiyo hatakuwa amepoteza bitana peke yake. Atakuwa amempoteza mke wake mara ya pili, na wewe utakuwa umejua tangu Ijumaa." Alifuta mikono kwenye kitenge. "Bado ni asubuhi, Théo. Enda."

Kuna maneno ya mke ambayo mume hana jibu lake ila viatu. Théodore alilitupia koti begani na kushika njia ya Turffontein, mbio. Medali zililia njia nzima kama kengele za mbuzi. Kwenye geti la ghala moja, Astère, mlinzi wa Kirundi aliyemfahamu, alimpigia kelele, "Eish, Papa Théo! Umeiba jeshi nzima?" Théodore hakuwa na pumzi ya kujibu.

Jenerali alikuwa ameketi barazani, blanketi magotini. Rosalind ndiye aliyefungua geti, na alipoliona koti uso wake ulichanua. Kisha akauona uso wa fundi.

Théodore alikuwa ameyapanga maneno yake njiani. Yalikuwa maneno ya chini, ya unyenyekevu, ya kusemwa kwa kunong'ona. Aliinama mbele ya mzee, akayasema.

"Nini?" alisema Jenerali, akishika sikio.

Théodore aliyarudia.

"Sikusikii, bwana. Sema kama mtu aliye upande wa pili wa mlima!"

Basi ikambidi. Fundi Théodore, mtu mzima, baba wa watoto watatu, alivuta pumzi na kulikiri kosa lake kwa kelele, barabara nzima ya Turffontein ikimsikia. "NILIITUPA BITANA, PAPA! MAANDIKO YA MAMA! NILIDHANI NI VIRAKA! NA MADAMU ALIPOULIZA, NILIDANGANYA! KOSA NI YANGU!"

Mwanamke wa nyumba ya pili alichungulia dirishani. Mbwa alibweka.

Rosalind, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, alielewa ya kutosha. Uso ulimwiva. "Uliniambia iko salama!" alisema kwa Kiingereza. "Nilikuuliza, ukaniambia iko salama! Unajua umefanya nini?"

"Najua, madamu."

"Hujui! Hakuna kingine alichobakiza mama kwa mkono wake..."

Jenerali aliinua mkono, kiganja mbele. "Simama," alisema. Hakulisema kwa ukali, lakini binti alinyamaza, na hata Théodore aliona magoti yake yakijifunga. Uso wa mzee ulikuwa umepauka. Aliuliza, "Uliitupa lini?"

"Jana jioni, papa," alijibu Théodore kwa kelele ileile.

"Nani aliichukua, na saa ngapi?"

"Mwanaume ya toroli. Saa kumi na mbili na nusu. Mke wangu alimuona. Alivaa kofia ya nyasi, ya Basotho."

"Kofia ya Kisotho, siku ya Ijumaa." Mzee alimgeukia binti yake. "Saa hizi ni saa ngapi?"

"Tatu kasoro dakika tano," alisema Rosalind, akijifuta macho.

"Basi kaeni," alisema Jenerali. "Huyo ni Lebeko. Ijumaa huanzia Rosettenville, na saa tatu hupumzika chini ya ukuta wangu, kwa sababu ya kivuli. Huwa namtolea chai. Akitoka hapa huenda kuuza mzigo wake ng'ambo ya barabara kuu, na sijui ng'ambo ipi. Hatumwoni tena hadi Ijumaa ijayo."

Théodore alikaa kwenye ngazi. Mtu aliyemwogopa kuliko wote ndiye aliyekuwa na ufunguo! Kama angalikaa dukani akiishona hadithi ya wezi hadi saa nne tu, toroli lingalikuwa limekwisha kupita.

Saa tatu ilifika, ikapita. Barabarani hapakuwa na kofia. Théodore alikuwa anasaga meno, na mzee, labda kwa kumhurumia, akaanza kuzungumza.

"Nitakueleza nilivyopata kuwa jenerali. Watu hudhani ni kwa sababu ya vita. Nilikuwa luteni, kijana mwenye masharubu mabaya. Tulikuwa mazoezini, kwenye nyanda za baridi huko kwetu. Mimi nimekaa juu ya kilima na darubini. Mizinga sita iko nyuma, maili kadhaa, haioni chochote. Macho yao ni mimi. Nasoma ramani, nawapa tarakimu kwa redio, wanapiga. Nikawapa tarakimu. Mzinga mmoja ukapiga kombora la kujaribia. Nikatazama. Hakuna moshi."

"Ilienda wapi?" aliuliza Théodore, akisahau kupaza sauti, lakini mzee alilitarajia swali hilo.

"Kila mtu alidhani limezama kwenye matope bila kulipuka. Hutokea. Nikaitazama tena ramani, na hapo damu ikaniganda. Nilikuwa nimekosea tarakimu moja. Moja tu! Kombora lilikuwa limekwenda nyuma ya mlima, nje ya uwanja. Sajini aliyekuwa kando yangu aliona nilichoona. Akaninong'oneza: 'Liache, bwana. Andika kwamba halikulipuka.' Na mizinga yote sita ilikwisha kujazwa, inasubiri neno langu."

Rosalind, ambaye bila shaka alikuwa amekisikia kisa hiki mara mia, alikuwa amekaribia, mkono juu ya bega la baba yake.

"Kwetu katika mizinga kuna desturi," aliendelea mzee. "Mtu yeyote akisema Simama, hata awe mpishi, mizinga yote husimama. Hata jenerali hapingi. Watu husimama kwanza, kisha ndipo huuliza kwa nini. Ni neno rahisi sana ukiliona kosa la mwenzio. Kosa likiwa lako, linakwama hapa." Aligusa koo. "Nikalisema. Simama. Kosa ni langu. Walipokwenda kutazama, kombora lilikuwa limevunja ukuta wa mawe na kuua kondoo wawili. Hatua mia nne kutoka hapo, mwanamke alikuwa anaanika nguo. Makombora mengine sita, fundi, yangemkuta kambani."

"Mungu wangu," alisema Théodore.

"Nilinyimwa cheo miaka miwili. Wakanipeleka Nanyuki kulinda mahema na masufuria. Nililia kama mtoto. Ndipo Sajini Mselem akanipa chai na methali: heri nusu shari kuliko shari kamili. Nikamwona mtu mzee anayejifariji. Lakini Nanyuki ndiko alikokuwa muuguzi mmoja, mzaliwa wa mtaa huu. Na tangu hapo, kila jina langu lilipofika mezani kwa wakubwa, kulikuwa na mtu wa kusema: huyu ndiye aliyesimamisha mizinga yake mwenyewe, mpeni. Ukapteni, umeja, ukanali, hadi hapa. Hester alisema pasipo kosa lile tusingekutana. Kwa hiyo mstari wa kwanza aliodarizi haukuwa wa cheo. Ni jina la uwanja ule, tarehe ile, na neno moja la Kiswahili: Alisema."

Vidole vyake vilikuwa vimeingia ndani ya koti lililolala magotini, vinatembea juu ya satini nyororo isiyo na kitu. Théodore aliviona, na aibu ilimchoma kuliko makemeo yote ambayo angeweza kupewa.

Saa tatu na dakika ishirini, sauti ya magurudumu ilisikika kutoka mwinuko wa barabara. Gunia jeupe lilitokea kwanza, kisha kofia ya nyasi. Théodore aliruka ngazi zote kwa mara moja, akimwita baba kwa Kisotho.

"Ntate! Ntate Lebeko! Ile kitambaa!"

Lebeko, mtu wa makamo mwenye uso wa upole, alilisimamisha toroli kwa visigino. Alishangaa kuona fundi wa Rosettenville analia mbele yake. Kwa Kizulu cha sokoni na Kiingereza cha barabarani, Théodore alimweleza. Lebeko alisikiliza, kisha taratibu akautazama mpini wa toroli lake. Ulikuwa umezungushiwa kitambaa cha rangi ya maziwa yaliyochacha, kumpunguzia malengelenge.

"Hii ni nusu," alisema kwa huzuni. "Asubuhi kuni zilikuwa mbichi. Nusu ile tuliwashia moto wa chai."

Nusu! Théodore aliifungua ile iliyobaki kutoka kwenye mpini, mzunguko baada ya mzunguko, kwa mikono inayojua kushika kitambaa. Aliipeleka barazani. Akatoa miwani mfukoni, akaivaa mbele za watu kwa mara ya kwanza maishani mwake, na mistari ile ikageuka herufi. Hakujua ni ipi iliyosalimika, na aliogopa kutazama. Lakini mzee alikwisha kuishika. Kidole chake kilianza juu kabisa, karibu na mahali palipokuwa na ukosi, kikaenda kutoka kushoto hadi kulia, kikarudi, kikasimama.

"Alisema," alisoma Jenerali.

Kisha kidole kikashuka. Nanyuki. Mwaka wa ndoa. Kapteni. Mwaka aliozaliwa Rosalind, ambao haukuwa cheo cha mtu yeyote lakini Hester aliudarizi hata hivyo. Meja. Hapo kitambaa kiliishia kwenye ukingo uliochanwa. Ukanali haukuwapo. Ubrigedia haukuwapo, wala ujenerali, wala nishani.

Rosalind alishusha pumzi iliyoonekana kukaa kifuani tangu asubuhi. Alilia, halafu akacheka huku analia, na bila kutazamia akamshika Théodore mkono. Mzee naye alikuwa na machozi, ila mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

"Kwa hiyo ujenerali wangu umechemsha chai!" alisema. "Ilikuwa chai nzuri, Lebeko?"

Rosalind alimfasiria. Lebeko alivua kofia. "Nzuri sana, ntate," alijibu kwa unyofu, na mzee akacheka zaidi.

"Nusu iliyoungua imeandikwa kwenye majalada ya serikali, mwenye kuitaka akaisome. Nusu hii haikuandikwa mahali pengine popote." Aliikunja bitana, akaiweka mikononi mwa Théodore. "Irudishe, fundi. Upande wa moyo. Upande wa pili uache wekundu wako, nimeambiwa unapendeza. Ila nina ombi. Chini ya mstari wa mwisho wa Hester, juu ya ukingo uliochanwa, pana nafasi kidogo. Tia mstari wa leo."

"Mimi, papa? Niandike nini?"

"Rosettenville. Tarehe. Na neno lilelile. Unalistahili."

Lebeko alikunywa chai yake kama kila Ijumaa, na alipoondoka alikuwa amevaa glavu za ngozi za jeshi, nene, ambazo mzee alisema zilimngoja mwenye mikono. Théodore alirudi dukani kwa miguu, polepole, na kila alipovuta pumzi aliiona nyepesi. Hélène alimtazama usoni tu, akajua, akampa muhogo wa moto. Pitchou aliuliza kama hadithi ya wezi imekubaliwa. Théodore alimwambia avute kiti, kwani angeshindwa kumweleza akiwa amesimama.

Siku nzima ya Jumamosi aliifanya kazi ile akiwa na miwani, mbele ya kila mteja. Satini upande wa kuume, kitambaa cha Hester upande wa kushoto, na kwenye ukingo uliochanwa aliweka mshono wa wazi, bila kuuficha. Mstari wake mwenyewe aliudarizi kwa saa tatu. Hakuwa amezoea herufi.

Jioni alipolipeleka koti, mzee alilivaa papo hapo barazani. Lilimkaa kama lilivyomkaa alipokuwa na nguvu zake. Alitia mkono ndani, upande wa moyo, vidole vikashuka mstari kwa mstari hadi chini kabisa, kwenye uzi mpya.

"Fundi," alisema kwa uso mkavu, "herufi zako zimelewa."

"Ndiyo, papa."

"Lakini zinasomeka." Akafunga vifungo, kimoja kimoja, akajinyoosha. "Kesho nitawasomea wajukuu, kuanzia kosa langu hadi lako."

Théodore alicheka hadi akashika ukuta. Alikuja Ijumaa akiwa tayari kupoteza jina, mteja na amani ya moyo wake; aliondoka Jumamosi akiwa amepoteza nusu ya kitambaa tu, na hata hiyo ilikwisha kunywewa chai. Ama kweli, heri nusu shari kuliko shari kamili.